Mwendesha baiskeli akiwaacha wenzake mbali mno, tuna haki ya kumtuhumu kuwa ametumia dawa?

Mwalimu wa Cheyo, Tabora

Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora mjini, na kwa miaka sita sasa, kila Jumanne na Alhamisi jioni, natoka na vijana kumi na wawili kuendesha baiskeli barabara ya Sikonge mpaka jua linapokaribia kuzama, kisha tunarudi. Baiskeli zetu si za kujivunia. Tatu zina gia, na zilizobaki ni zile zile za kubebea magunia, ambazo tumezivua karia na madigadi ili ziwe nyepesi.

Tarehe 28 Septemba 2025 tulichangishana fedha ya bando, tukakaa chini ya mwembe na kompyuta yangu, tukatazama mbio za ubingwa wa dunia zilizofanyika Kigali, ambazo ndizo za kwanza za aina hiyo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Wanaume walipangiwa kilomita 267.5, na ukijumlisha vilima walivyopanda siku ile unapita mita 5,000 kwenda juu. Katika kundi zima waliomaliza walikuwa thelathini tu. Tadej Pogačar wa Slovenia alichomoka zikiwa zimebaki kilomita 104, na kwa zaidi ya kilomita 60 za mwisho alikuwa peke yake barabarani, huku waliokuwa nyuma yake wakiwa ndio watu hodari kuliko wote duniani.

Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, huyo amechomwa." Fundi anayetutengenezea baiskeli, ambaye alikuwa amekuja kutazama nasi, akamjibu bila hata kugeuza shingo: "Wote wanachomwa, wanazidiana daktari tu." Watu wakacheka. Lakini tulipokuwa tunafunga vitu, kijana wa miaka kumi na sita, ambaye ndiye mwepesi kuliko wote nilionao, alinisogelea akiwa anafuta cheni yake kwa kitambaa, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Hivi dawa zenyewe zinauzwa wapi?"

Sikuwa na jibu la maana, nikamwambia tutazungumza. Naomba mnisaidie. Je, kasi ya mtu pekee ni ushahidi wa kutosha, na kama si ushahidi, kwa nini mchezo huu hauishi kutuhumiwa?

Mpima Damu, Gungu, Kigoma

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtaalamu wa maabara, kwa hiyo nitazungumzia damu na mengine nitawaachia wengine.

Kwanza jina lenyewe linatupoteza. Magazeti yetu yamezoea kuandika "dawa za kusisimua misuli", na ukisikia hivyo unafikiri ni kitu kinachovimbisha mapaja. Dawa iliyoleta fedheha kubwa zaidi katika mbio za baiskeli haigusi misuli hata kidogo. Inaitwa EPO, nayo ni homoni ambayo figo za kila mmoja wetu huitengeneza ili kuamrisha uboho uzalishe chembe nyekundu za damu. Ilipoanza kutengenezwa viwandani katika miaka ya 1980, ilikusudiwa wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu, na hadi leo inawasaidia sana.

Ili vijana waelewe, waeleze kazi tunayoifanya kila siku. Tunamchoma mgonjwa kidole, damu inapanda yenyewe ndani ya mrija wa kioo mwembamba kama njiti ya ufagio wa chelewa, tunaziba ncha moja kwa udongo maalumu, kisha tunauweka kwenye mashine inayozunguka kwa kasi kwa dakika tano. Ukiutoa, chembe nyekundu zimejipanga chini na juu yake yamebaki maji ya rangi ya manjano. Tunapima sehemu nyekundu ni asilimia ngapi ya urefu wote. Mwanamume mwenye afya huwa na kati ya 40 na 50. Mtoto aliyeletwa na malaria kali anaweza kuwa na 15, na hapo ndipo tunapoanza kukimbizana kutafuta damu ya kumwongezea.

Sasa fikiria mtu ambaye tayari ana 43 na anajipandisha hadi 55 au zaidi. Kila pigo la moyo linapeleka oksijeni nyingi kuliko ya mwenzake, na kwenye mlima wa nusu saa tofauti hiyo haihitaji darubini. Bjarne Riis wa Denmark, mshindi wa mwaka 1996 wa Tour de France, zile mbio kubwa za kuizunguka Ufaransa, wenzake walimpachika jina la "Bwana Asilimia 60", na mwaka 2007 alikiri mwenyewe kuwa aliitumia. Hatari yake ni kwamba damu inakuwa nzito, na usiku mtu akilala mapigo ya moyo hushuka sana huku moyo ukiwa unasukuma kitu kilichokaribia kuwa uji. Kipimo cha kuitambua EPO yenyewe kilianza kutumika mwaka 2000 tu. Kabla ya hapo shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, liliweka kikomo cha asilimia 50 mwaka 1997, na aliyezidi alizuiwa kushiriki kwa sababu za kiafya. Matokeo yake unaweza kuyakisia: kikomo kiligeuka kuwa shabaha. Wajanja walitembea na mashine zao ndogo hotelini, wakajipima asubuhi, wakahakikisha wako 49.

Tangu 2008 kuna utaratibu mwingine unaoitwa pasipoti ya kibiolojia, nao ufananishe na kadi ya kliniki ya mtoto. Muuguzi hamwoni mtoto ana kilo nane akapiga kelele, bali anaangalia mstari unavyopanda na kushuka mwezi hadi mwezi. Vivyo hivyo mwendeshaji halinganishwi na watu wengine, analinganishwa na damu yake mwenyewe ya miaka iliyopita. Utaratibu huu umeziba mianya mingi, lakini si yote. Mwaka 2019 polisi wa Austria na Ujerumani walimnasa daktari mmoja wa Erfurt aliyekuwa akiwatoa wanamichezo damu, akiihifadhi na kuwarudishia karibu na mashindano, na miongoni mwa wateja wake walikuwemo waendesha baiskeli wa kulipwa. Waliomfichua ni polisi na mteja mmoja aliyeamua kusema. Maabara hatukuwa na mchango mkubwa hapo, na nalisema hilo kwa uchungu kidogo.

Jambo la mwisho, kwa kuwa sote tunapikia mkaa. Mwaka 2024 ilijulikana kuwa timu kadhaa kubwa zinawavutisha waendeshaji wake kiasi kidogo cha monoksidi ya kaboni, ile hewa inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Zilieleza kwamba ni njia ya kupima wingi wa himoglobini, kile kinachobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, baada ya mazoezi ya milimani, na kipimo hicho kipo kweli katika sayansi. Wasiwasi ni kwamba ukirudiarudia kuivuta, mwili unadhani uko juu ya mlima mrefu na unaongeza chembe nyekundu. UCI ilipiga marufuku kuivuta kwa kurudiarudia kuanzia Februari 2025. Tafadhali hili usiwaeleze vijana bila kuwaonya kwanza.

Fundi wa Stesheni, Tabora

Mwalimu, fundi aliyesema wote wanachomwa ni mimi, na ungeniambia unakuja kunishtaki huku ningevaa shati jipya.

Sikulisema lile kwa kupenda kusengenya. Nilikuwa na picha ya Lance Armstrong niliyoikata gazetini, nikaibandika ukutani juu ya sanduku la spana, na nilikuwa na ile bangili ya mpira ya njano niliyoipata kwenye mitumba. Mtu aliyenusurika saratani akashinda Tour de France mara saba mfululizo, 1999 hadi 2005! Wateja waliokuja wakilalamika kuwa kilima kimewashinda niliwaonyesha ile picha. Waliosema anatumia dawa niliwaona wana wivu. Mwaka 2012 akavuliwa mataji yote saba, na Januari 2013 akakaa mbele ya Oprah Winfrey akakubali: EPO, kuongezewa damu, testosteroni ambayo ni homoni ya kiume, yote. Picha niliibandua, alama ya gundi ipo hadi leo, mtu akipita dukani ataiona.

Na hakuwa wa kwanza. Tom Simpson wa Uingereza alianguka na kufa kwenye mlima Ventoux Julai 1967 akiwa na amfetamini, dawa ya kuchangamsha mwili, mwilini na nyingine zikiwa mfukoni mwa jezi yake. Mwaka 1998 gari la timu ya Festina lilisimamishwa mpakani mwa Ufaransa na Ubelgiji likakutwa limejaa dawa. Tour ya 2006 aliishinda Floyd Landis, akanyang'anywa kwa testosteroni. Sasa mtu kama mimi niliyedanganywa mara zote hizo, leo nikimwona mtu anaondoka peke yake zimebaki kilomita mia, mnataka nipige makofi kwanza halafu niulize baadaye?

Nyongeza ya kifundi, ambayo wengi huisahau: udanganyifu si wa sindano pekee. Januari 2016, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za matopeni yaliyofanyika Zolder, Ubelgiji, baiskeli iliyoandaliwa kwa ajili ya binti wa miaka 19, Femke Van den Driessche, ilikutwa na mota ndani ya bomba la kiti. Alifungiwa miaka sita. Mota ya namna hiyo inaingia mle mnamoingia nguzo ya kiti na kusaidia kuzungusha krenki kutoka ndani, na waya unafichwa. Kwa fremu za kawaida tunazozijua hapa ungeisikia kwa uzito tu ukiinyanyua, lakini fremu ya kaboni ina uzito mdogo kiasi kwamba hata ukiongeza kilo moja na nusu haiwi nzito kuliko za kawaida. Ndiyo maana siku hizi wakaguzi wanazipitishia vifaa vya kupima sumaku na hata eksirei.

Dada wa Kasulu

Mwalimu na fundi, habari za leo. Kazi yangu ni ya karani mahakamani, kwa hiyo nimezoea kusikia watu wakisema "kila mtu anajua kuwa ni yeye" kisha wakiulizwa walikuwa wapi siku ile wanaangalia chini. Naomba tutenganishe shaka na ushahidi, kwa sababu katika mada hii vinachanganywa kutoka pande zote mbili.

Upande wa kwanza ni wa wanaosema mtu hajawahi kukutwa na dawa, kwa hiyo ni msafi. Hiyo ndiyo ilikuwa ngao ya Armstrong kwa miaka yote. Alipimwa mara nyingi sana na alisimama na majibu hayo kama mtu anayeshika Biblia, ingawa mwaka 1999 mkojo wake ulikutwa na kotikosteroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na jambo likamalizwa kwa cheti cha daktari kilichoandikwa kwa tarehe ya nyuma. Kilichomwangusha hakikuwa chupa ya mkojo. Shirika la Marekani la kupambana na dawa hizo lilikusanya maelezo ya kiapo ya watu 26, kumi na mmoja kati yao wakiwa wenzake wa timu, watu waliolala naye chumba kimoja. Majibu ya maabara yakiwa safi yana uzito wake, lakini ni mdogo kuliko watu wanavyodhani.

Upande wa pili ni wa fundi wetu, kwamba kasi inajieleza. Mfano unaotumiwa sana ni wa Julai 14, 2024, kwenye mlima wa Plateau de Beille huko Ufaransa, ambapo Pogačar aliupanda kwa muda mfupi kuliko ule aliouweka Marco Pantani wa Italia mwaka 1998, kwa tofauti ya zaidi ya dakika tatu. Sampuli za Pantani za mwaka huo zilipopimwa upya miaka mingi baadaye zilionekana kuwa na EPO. Hivyo swali linakuja lenyewe: asiyetumia anawezaje kumpita aliyetumia? Wanaoshuku huongeza kwamba kiongozi wa timu ya Pogačar, Mauro Gianetti, ndiye aliyekuwa akiiongoza timu ya Saunier Duval mwaka 2008, pale mwendeshaji wake Riccardo Riccò alipokutwa na aina mpya ya EPO katikati ya Tour na timu nzima ikaondoka. Hayo yote ni kweli na mtu ana haki ya kuyauliza. Lakini angalieni pia kuwa siku ile Jonas Vingegaard, aliyekuwa wa pili, naye aliupita muda wa Pantani, na kwamba kati ya 1998 na 2024 mambo mengi halali yamebadilika: matairi, mavazi, fremu, na zaidi ya yote chakula. Zamani mwendeshaji alishauriwa ale wanga gramu 60 kwa saa, leo wengi wanakula 90 hadi 120, kwa kuchanganya glukosi na fruktosi ambazo utumbo unazipokea kwa milango tofauti. Watu wa Tabora mnayo asali yenye sukari zote mbili, sijui kwa nini vijana wenu wanakunywa maji matupu.

Je, matairi na uji wa sukari vinatosha kueleza dakika tatu? Mimi naona vinaeleza sehemu kubwa, na sehemu iliyobaki ndiyo inayostahili kuitwa shaka. Hadi leo Pogačar hajapatikana na kosa lolote, na mahakamani faili la namna hiyo lingerudishwa kwa mpelelezi.

Mkumbuke vilevile kuwa tuhuma huwa hazifutiki hata mtu akisafishwa. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundishwa baiskeli kwenye vilima vya Kikuyu, alikutwa mwaka 2017 na salbutamol, dawa ya pumu, kupita kikomo. Julai 2018 alifutiwa shauri, na bado mashabiki walimzomea barabarani Ufaransa. Alberto Contador wa Hispania alikutwa na chembe ndogo mno ya klenbuterol, dawa ya kufungua njia ya hewa, mwaka 2010, akasema ni nyama aliyokula. Majaji wa michezo waliona kuwa huenda ilitoka kwenye kirutubishi chenye uchafu, na bado walimfungia na kumvua taji, kwa sababu katika sheria za michezo mtu anawajibika kwa kila kilichokutwa mwilini mwake, awe alikusudia au hakukusudia. Sheria hiyo ni kali kuliko zetu za jinai, na nimewahi kujiuliza kama ningeweza kuitetea mbele ya mama wa mshitakiwa.

Mvuvi wa Kibirizi

Swali dogo tu wakubwa. Mbona wachezaji wa mpira hatuwashuku hivi?

Mpima Damu, Gungu, Kigoma

Ndugu Mvuvi, pengine ni kwa sababu hawatajwi. Mwaka 2006 polisi wa Hispania walikamata mifuko zaidi ya 200 ya damu kwa daktari Eufemiano Fuentes wa Madrid. Waliotajwa hadharani na kuadhibiwa walikuwa waendesha baiskeli, ingawa daktari mwenyewe alisema mahakamani kuwa alihudumia wanamichezo wa michezo mingine pia. Mwaka 2013 jaji aliamuru mifuko ile iharibiwe, na uamuzi huo ulipotenguliwa ilikuwa 2016, miaka kumi imepita.

Mpanda Milima wa Manyovu

Mwalimu, nimesoma yote, lakini nadhani kijana wako hakuuliza habari za Pogačar.

Niliwahi kushindana mbio za mkoa, miaka mingi iliyopita, nikiwa kwenye klabu moja ambayo sitaitaja. Asubuhi ya mashindano kiongozi wetu alipita kwenye mstari wa kuanzia akitugawia vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari, viwili viwili, akisema ni dawa ya miguu. Nilimeza kwa sababu yeye ndiye aliyetulipia nauli na chakula. Kwa saa nzima ya kwanza sikusikia maumivu yoyote, miguu ilikuwa kama si yangu. Kisha nikawa nasinzia. Kwenye mteremko kabla ya kufika Mwandiga niliiona kona, nikajua ni kona, na mikono haikukata usukani. Nilivunjika mfupa wa bega, na goti la kushoto hadi leo linanijulisha mvua kabla haijanyesha. Kidonge kimoja kilikuwa kimebaki kwenye mfuko wa jezi, na shemeji yangu anayeuza duka la dawa alikitazama mara moja tu akasema ni tramadol.

Wakati ule haikuwa imekatazwa. UCI iliipiga marufuku kwenye mbio mwaka 2019, na shirika la dunia linalosimamia mambo hayo, WADA, likaiweka kwenye orodha yake ya vilivyokatazwa mashindanoni kuanzia Januari 2024. Hata Nairo Quintana wa Colombia alifutiwa nafasi ya sita ya Tour ya 2022 kwa sababu yake. Sababu mojawapo ya kuikataza ni hiyo iliyonipata mimi: mtu anasinzia, anaanguka, na anawaangusha walio nyuma.

Kwa hiyo akikuuliza dawa zinauzwa wapi, huna haja ya kumpeleka Ulaya. EPO haiwezi, bei yake na utunzaji wake kwenye jokofu vinamzidi. Atakachopewa ni kidonge kwenye karatasi, na atakayempa ni mtu anayemheshimu.

Mwalimu wa Cheyo, Tabora

Ndugu zangu, ahsanteni. Mpanda Milima, pole sana kwa yaliyokupata. Nimekaa na maneno yako tangu jana, na leo kabla ya mazoezi nilimwita yule kijana pembeni nikamuuliza moja kwa moja nani amemwambia habari za dawa. Alinyamaza kwa muda mrefu akizungusha pedali kwa kidole. Kisha akanitajia mtu mzima mmoja, ambaye amekuwa akija kutazama mazoezi yetu na kuahidi kumtafutia nafasi kwenye mbio za Nanenane. Nitamfuata huyo mtu mwenyewe, tena kesho.

Fundi, sina kesi nawe. Naomba siku moja ufungue fremu mbele ya vijana, uwaonyeshe mota inakaa wapi. Dada wa Kasulu, Alhamisi chupa zote zitakuwa na asali. Mpima Damu, ile mirija inapatikana kwa bei gani, na ni lazima mashine iwe ya umeme? Ningependa waione damu ikijitenga kwa macho yao.

Mpima Damu, Gungu, Kigoma

Mwalimu, usinunue chochote. Mwisho wa mwezi napanda treni kwenda Dodoma, nitashuka hapo Tabora siku moja nikiwa na mirija michache na ile mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Vijana wataizungusha wenyewe, wana miguu na mikono. Sindano itakuwa moja tu, na atakayechomwa ni mimi.